Mapaa Kumi na Moja

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na huilalii tena meza ya kuchorea kama ulivyokuwa ukilalia madaftari ya shule mpaka unaamka na wino shavuni. Sisi huku tunaendelea vizuri. Magoti yangu hununa kidogo asubuhi, lakini yakishapata moto tunaelewana.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Simu hapa nyumbani ni moja, mwenye kuishika ni mama yako, na ninalotaka kukuambia sitaki alisikie. Naandika nikiwa chumba cha pasi, mlango nimeurudishia.

Mwanangu, mashuka yangu hayatakati. Miaka thelathini na moja ya udobi, mtaa mzima unaniita Povu, na hakuna aliyewahi kunirudishia nguo. Juma lililopita yule mama meneja wa nyumba ya wageni kanirudishia mashuka kumi na mawili. Angegomba ningejibu, ulimi ninao. Lakini aliyaweka mezani taratibu akasema, "Mzee wangu, labda upumzike kidogo." Alipoondoka nikayatoa nje kwenye jua. Yalikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

Nimebadilisha sabuni. Nimeongeza buluu ya kung'arishia. Maji nimeyachemsha mara mbili. Kwenye beseni yanatoka meupe pe, nayatandaza uwanjani juu ya majani kama unavyonijua, manane manane yakigusana, mawe kwenye pembe, njia ya kupita katikati. Jioni nikienda kuyakusanya napitisha kidole, na kidole kinarudi cheusi. Ni masizi ya kule gereji na lile tanuri la vyuma chakavu. Zamani yalikuwa hayatufikii. Unakumbuka upepo wa alasiri, ulivyokuwa ukitoka mtoni na kupita uwanjani kwetu kama mtu mwenye haraka zake, ukizoa moshi wote kuupeleka ng'ambo ya barabara kuu? Siusikii tena. Tangu lile ghorofa la ghala liishe kujengwa kule chini, mdomoni mwa uwanja, bendera ya shule imelala kwenye mlingoti mchana kutwa.

Na hili ndilo la kuficha: mama yako ameanza tena kukohoa. Akiniona anakigeuza kikohozi kuwa wimbo, anadhani mimi mtoto. Ile dawa yake ya kuvuta ilikuwa ikikaa miezi minne, sasa mwezi hauishi. Unajua kwa nini tulihamia hapa. Wewe ulikuwa mgongoni. Daktari alisema mtafutie mkeo mahali penye hewa, nikazunguka mji mzima na kitambaa kibichi mkononi, nikisimama kila mtaa nione wapi kitakauka upesi. Hapa ndipo kilipowahi kukauka.

Wewe ndiye msomi wa mambo ya miji. Niambie ukweli, usinibembeleze: ni mimi nimezeeka au ni hewa?

Ni mimi baba yako.


15 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, na shavu langu halina wino, siku hizi tunachora kwa kompyuta. Poleni sana na hali ya huko. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Si wewe, Baba. Mikono yako haina kosa. Mji nao unapumua, na unapumua kupitia mahali palipoachwa wazi: mabonde, kingo za mito, viwanja kama chetu, barabara pana zinazoelekea upepo unakotoka. Ukisimamisha ghorofa kukatisha njia hiyo, hewa ya nyuma yake inasimama, na moshi usio na pa kwenda unashuka chini kwa watu. Ni sawa na jiko lililozibwa dirisha. Badilisha kuni upendavyo, macho yatawasha tu. Ndiyo maana huku tunashikana mashati kila siku juu ya kipi kikae wapi, karakana upande gani wa makazi, malori yapite njia ipi. Watu wanadhani moshi ni shauri la gari bovu peke yake. Pahali gari lilipo napo pana maneno yake.

Nina habari njema ya kukuongezea furaha kidogo. Nimepewa meza ya ukuu wa wachoraji! Ni kwa ajili ya ile kazi ya mwaka juzi, ramani za matumizi ya ardhi za miji midogo. Vipande themanini na vinne vya picha za angani nilivipaka rangi kwa mwezi mmoja na nusu, njano kwa makazi, nyekundu kwa biashara, kijani kwa uwanja wa wazi. Mji wetu nao umo humo. Nilimwambia kila mtu chumbani kwamba kwetu ni huko.

Sasa nakuomba kitu, usinicheke. Chukua shuka moja jeupe la zamani, likate vitambaa vitano, vifue unavyojua wewe. Kimoja kitundike kwenye ua wa gereji, cha pili katikati ya uwanja, cha tatu mlangoni kwa Mama, cha nne kule nyuma ya ghala malori yanakopanga foleni, cha tano juu kabisa kilimani ambako upepo bado unafika. Viache Jumatatu mpaka Jumamosi. Kila kimoja kitie bahasha yake, andika mahali na tarehe, nitumie. Ukipinga jambo mbele ya wakubwa bila kitu mkononi wanakusikiliza kwa heshima halafu wanakwenda kula.

Mwambie Mama namsalimu, na wimbo wake nimeusikia mpaka huku.

Binti yako.


9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima wa mwili, moyo ndio umechafuka. Kwanza nikupongeze kwa hiyo meza. Nimemwambia kila mteja, hata wale waliokuja kuchukua nguo zao kwa hasira.

Vitambaa vyako hivi hapa. Nimefua miaka thelathini na moja ili nguo zitakate, leo mwanangu ananituma nichafue makusudi! Lakini nilipovipanga mezani sikucheka. Cha kilimani ningeweza kumfunikia mtoto mchanga. Cha uwanjani kama kimefutiwa sufuria. Cha nyuma ya ghala hicho usikiguse na nguo nzuri. Na cha mlangoni kwa mama yako, mwanangu, hakipitani sana na cha gereji.

Mama yako amelazwa siku mbili. Ameshatoka, usipige mbio. Ilimbana asubuhi akifagia, nikamkuta ameshika ufagio kama mtu anayeshika ukuta. Alipopata pumzi neno lake la kwanza lilikuwa, "Usimwandikie mtoto." Kwa hiyo wewe hujui lolote.

Sasa sikia ya mkutano. Watu wa ardhi walikuja tarehe mbili, wakatundika ramani ukutani pale ukumbi wa shule. Kumbe ghala ni la kwanza tu. Yanakuja maghorofa matano mengine, yamepangwa mstari mmoja kutoka mtoni mpaka kilimani, uwanja wote umekwisha. Nikanyoosha mkono. Nikasimama nikasema, jamani, huo ni uwanja, natandaza mashuka yangu hapo tangu mwanangu wa ofisi ya mipango anabebwa mgongoni, na ndiko upepo unakopita. Yule kijana wa ardhi akanijibu kwa adabu kabisa: "Mzee, hapo si uwanja wa wazi. Ramani inaonyesha nyumba kumi na moja. Eneo limekwisha kujengwa, sisi tunaboresha tu." Nikasema nyumba zipi? Akaniwekea kijiti kwenye ramani, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Fundi wa gereji akapaza sauti, "Povu, kumbe una nyumba kumi na moja na bado unatufulia!" Nikakaa chini. Sijawahi kuona aibu ya namna ile tangu nizaliwe.

Wametoa mpaka tarehe thelathini Juni kupeleka pingamizi. Wewe uko huko huko zinakochorwa. Nitafutie mpumbavu aliyechora ile ramani. Simtakii ubaya. Nataka aje tu abebe blanketi moja la hospitali lililolowa, kutoka beseni mpaka uwanjani, ajue anachokifuta. Kama maghorofa yale yakisimama, mimi nitatafuta kazi nyingine hata uzeeni. Mama yako atatafuta wapi pumzi nyingine?

Baba yako.


12 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mwezi umepita na siku, sijapata jibu. Nilidhani posta wamenipotezea, nikaenda, wakaniambia barua ilifika. Nimepiga simu mara mbili ukasema uko kikaoni.

Kama unaumwa sema. Kama nilikuudhi kwa kuwaita wachoraji wapumbavu, sikukusudia wewe. Hospitali nao, wateja wangu wakubwa, wamehama, wamepata mashine. Mama yako yupo, leo kakaa dirishani.

Baba yako.


20 Mei

Baba,

Shikamoo. Sikuwa naumwa. Sikuwa kikaoni. Nisamehe kwa uongo huo kwanza, kabla sijafika kwenye kubwa.

Siku niliyopata barua yako nilishuka masijala nikatoa picha ya angani ya mtaa wetu. Ni kipande namba arobaini na moja. Picha hizo huja hazina majina ya mitaa, Baba, namba tu, na sikuwahi kupaona kwetu kutoka juu. Nilikuwa navipaka viwili kwa siku, jioni macho yamefanya kiwi. Nikaitazama hiyo picha. Kuna ukanda mrefu kati ya makarakana na nyumba, na juu yake mistatili myeupe kumi na mmoja, imepangwa safi, na vinjia katikati. Mwaka juzi niliiona ni mapaa ya bati jipya. Kwenye pembe kulikuwa na vitone vyeusi, nikasema haya ni mawe ya kuzuia bati lisipeperuke. Nikahesabu, nikaandika "nyumba kumi na moja", nikapaka njano.

Yalikuwa mashuka, Baba. Manane manane. Ile ilikuwa siku ya nguo za hospitali.

Mawe yale nilikuwa nayaokota mimi. Kila nikitoka shule ulinipa ndoo ukasema nenda kalete mawe laini, yenye makali yatachana nguo. Nimekulia kwenye vile vinjia nikiruka shuka hadi shuka, nikachapwa kwa kukanyaga moja. Na nilipoletewa mbele ya macho yangu sikuyatambua. Nilipata sifa kwa kazi hiyo. Meza ninayokuandikia ndiyo hiyo niliyopewa.

Mpumbavu uliyenituma nimtafute ni mimi.

Nimekaa na jambo hili karibu siku arobaini. Nilijaribu kuandika mara nyingi, kila nikifika hapa juu mkono unagoma. Nikimfikiria Mama na ufagio wake naondoka mezani. Sikuombi unijibu upesi. Nilitaka ulijue kutoka kwangu.

Binti yako.


16 Juni

Binti yangu,

Hujambo. Sisi tupo.

Barua yako nimeisoma, nikaificha, nikaitoa, nikaisoma tena. Karibu mwezi mzima sikukujibu kwa sababu kila nilichotaka kuandika kilikuwa cha hasira, na karatasi haifuliki. Nilikasirika, nisikufiche. Nilisimama mbele ya watu nikajivuna nina mwana ofisi ya mipango, nikachekwa kwa kazi ya mkono wake. Mama yako ananiuliza kwa nini sili, namwambia jino.

Nina swali moja tu. Hiyo habari umewaambia wenzako huko ofisini, au umeniambia mimi peke yangu?

Kuniambia mimi ni rahisi. Mimi ni baba yako, ningekufanya nini? Nimekwenda na ile barua ya pingamizi tuliyoiandika hapa mtaani, nimekusanya sahihi ishirini na tatu, yule kijana wa ardhi ameipokea vizuri akaniambia, "Mzee, ramani ni ramani." Hakuna mtu hapa anayeweza kuipinga ramani. Aliyeichora anaweza.

Zimebaki wiki mbili. Mama yako jana alitembea mpaka bombani akarudi na ndoo tupu, akasema amesahau alichofuata. Hakusahau.

Baba yako.


27 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Namshukuru Mungu, mimi mzima, nyumba ni ile ile, ila meza si ile tena. Nitakueleza.

Swali lako nililisoma jioni. Usiku sikuandika chochote, asubuhi nikapiga moyo konde nikaenda kwa mkuu wetu na kipande namba arobaini na moja mkononi. Akaitazama picha, akanitazama mimi. Akasema, "Unajua ukilisema hili, vile vipande themanini na vitatu vingine navyo vitatiliwa shaka?" Nikasema ndiyo. "Na wewe je?" Nikasema na mimi. Akavua miwani akaifuta muda mrefu, halafu akaniambia nenda kamati.

Tarehe ishirini na nne nilisimama mbele ya kamati, watu saba na mwenyekiti wao, mama mmoja asiyecheka ovyo. Jasho lilikuwa linanitoka, ningekuwa nguo ungesema sijakamuliwa. Nikasema: ukanda huu si nyumba, ni mashuka, na nina uhakika kwa sababu ni mashuka ya baba yangu. Mmoja wao akacheka. Mwenyekiti hakucheka. Nikafungua bahasha zako. Nikavipanga vile vitambaa kama ulivyoandika, kilimani, uwanjani, ghala, gereji, na cha tano. Nikaonyesha upepo unakotoka na ghala lilipouziba, nikasema hili ni ghorofa moja tu, yakiwa sita mtaa mzima utakuwa ndani ya chungu kilichofunikwa. Mwenyekiti akashika kimoja kwa vidole viwili. "Hiki kilikuwa wapi?" Nikamwambia, "Mlangoni kwa mama yangu. Ana pumu." Akakiweka chini polepole.

Uamuzi wao ni huu. Uwanja ambao haujawahi kujengwa hauwezi kugeuzwa kuwa wa ghorofa bila upepo na moshi kupimwa kwanza. Kwa hiyo wanatuma mpima ardhi na kijindege cha kamera, tarehe kumi na nane Julai. Atapiga picha mbili. Ya kwanza mashuka yakiwa yametandazwa kama siku ile, mafungu kumi na moja, mahali pale pale, ili walinganishe na picha ya zamani. Ya pili, saa moja baadaye, yakiwa yamekusanywa. Ikionekana mapaa yangu yamekunjwa yakatiwa kapuni, yale maghorofa matano hayajengwi. Wamekwisha kuandika hivyo, nimeona sahihi. La ghala limeshasimama, hilo hawalibomoi.

Mimi nimehamishiwa masijala, kutunza mafaili. Unga haujamwagika wote, kidogo kimebaki. Rangi sipaki tena.

Kinachonitisha ni kimoja. Mafungu kumi na moja ni mashuka themanini na manane, na wateja wako wamehama kwa sababu yangu. Utayapata wapi?

Mpe Mama mkono wangu. Kama bado hujamwambia, nitakuja kumwambia mwenyewe.

Binti yako.


19 Julai

Mwanangu, mama yangu,

Pokea salamu kutoka kwa mzee ambaye leo mgongo wake umegoma kabisa na hajali. Sisi wazima.

Hasira imekwisha. Nimeona nianze na hilo usije ukaisoma barua nzima roho juu.

Mashuka nilikuwa nayo ishirini. Nikaenda nyumba kwa nyumba. Nilidhani nitachekwa tena, nikajiandaa maneno makali, hayakupata kazi. Yule meneja wa nyumba ya wageni alileta kumi na mawili, yale yale aliyonirudishia. Fundi wa gereji, aliyenitangaza mwenye nyumba kumi na moja, kaja na sita akiwa ameyabeba mbali na ovaroli lake, akasema, "Mzee, wanangu nao wanakohoa." Shule wakatoa mapazia. Kila mlango shuka moja, mawili. Mengine yalikuwa na maua mekundu, nikayakataa, wenyewe wakanuna, basi tukayageuza upande wa ndani ambako maua hayaonekani sana. Nikayafua yote themanini na manane kwa siku tatu, na safari hii nilikuwa na wasaidizi mpaka nikapata taabu ya kuwafukuza. Nimemwonyesha mwalimu mkuu jinsi ya kukamua. Hajui.

Jana mpima ardhi alifika saa nne na picha yako ya zamani. Tukatandaza kwa kuitazama, fungu la kwanza karibu na mfereji, la mwisho karibu na mti uliokatika. Watoto wakaokota mawe. Niliwaambia laini tu. Kijindege kikapanda, kikalia juu yetu, kikashuka. Mpima akatazama kioo chake akasema, "Mzee, haki ya Mungu, hata mimi ningesema ni bati." Nikajisikia nafuu ambayo siwezi kukueleza. Basi mwanangu hakuwa mjinga, alichoka tu.

Kisha tukakusanya. Watu arobaini, kila wawili na shuka lao, wakikunja, wakikutana katikati, wakicheka. Kwa robo saa uwanja ukabaki majani matupu. Mpima akaandika kwenye fomu yake mbele yangu: haujajengwa.

Sasa la mama yako. Nilipanga kumwambia polepole kuhusu ramani. Juzi nikaanza, "Mke wangu, kuna jambo," akaniambia, "Ukificha barua, usizifiche kwenye kopo la buluu, mimi ndiye ninayelijaza." Amezisoma zote, mwanangu. Tangu ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini hukusema? Akasema alitaka kuona tutafika wapi bila yeye. Nikamuuliza, na huna hasira na mtoto? Akanitazama vile anavyonitazama. "Siku ya kwanza ulipokuja kwetu, ulimsalimia dada yangu kwa maneno yote matamu uliyoniandalia mimi. Ulikuwa umesimama hatua mbili tu, mchana kweupe. Yeye alikuwa juu angani. Mbona wewe nilikusamehe?"

Nikachukua ndoo nikatoka. Ungefanya nini?

Kifua chake bado. Ghala lipo, moshi upo, sikudanganyi kwamba amepona. Lakini daktari kasema tukimhamishia chumba cha upande wa kilimani atapata nafuu, na uwanja ukibaki wazi hewa ile itaendelea kumfikia. Kitanda nimekihamisha leo. Likizo yako ikifika njoo ulale chumba cha zamani, ndoo yako ya mawe bado ipo.

Limebaki moja, nalo ni la kazi. Picha hizo mbili zitapitia masijala, kwa hiyo zitapita mikononi mwako. Tulipomaliza kukusanya, mpima aliwaomba watu wote watoke uwanjani. Wote wakatoka. Mama yako akaomba kiti, akajifunga lile shuka lake jeupe alilojifunika alipolazwa, akaenda katikati kabisa akakaa akitazama juu. Mpima akamwomba aondoke. Akamjibu, "Mwanangu hajaniona tangu mwaka jana. Piga."

Ukiona kitone cheupe katikati ya uwanja mtupu, usikihesabu nyumba. Ni mama yako.

Baba yako.